Tuliihukumu Uranusi kwa Ziara ya Saa Chache

Binadamu wameitembelea sayari ya Uranusi mara moja tu, na hata hiyo haikuwa ziara ya kukaa. Tarehe 24 Januari 1986 chombo cha Voyager 2 kilipita kilomita 81,500 hivi juu ya mawingu yake, kikapiga picha, kikapima sumaku, kikatega sikio kwa mawimbi ya redio, kisha kikaendelea na safari kuelekea Neptuni. Hakikuwa na mafuta ya kupunguza mwendo, sembuse ya kusimama. Siku nne baadaye chombo cha Challenger kililipuka angani kule Florida na kuwaua wote saba waliokuwamo. Magazeti ya dunia yakawa na habari nyingine ya kuandika.

Karibu kila unachokisoma vitabuni kuhusu sayari hiyo bado kinatokana na zile saa chache. Tuliambiwa ni tufe tulivu la rangi moja lisilo na dhoruba. Tuliambiwa joto lake la ndani limekwisha, miezi yake haina uhai wowote wa kijiolojia, na uga wake wa sumaku una kasoro zisizo na mfano. Nadhani tulitoa hukumu mapema. Vipimo vya Voyager vilikuwa sahihi, na mafundi wake wanastahili heshima zote. Tatizo ni kwamba tuliuchukua mchana mmoja tukaufanya kuwa tabia ya sayari nzima.

Nianze na yasiyo na ubishi. William Herschel, mwanamuziki aliyependa nyota, aliiona tarehe 13 Machi 1781 akiwa Bath, Uingereza, kwa darubini aliyojitengenezea mwenyewe. Kwanza alidhani ni nyotamkia. Iko mbali na Jua mara 19 kuliko sisi, karibu kilomita bilioni 2.9, na mwaka wake mmoja ni miaka 84 ya kwetu. Tangu Herschel aione haijamaliza mzunguko wa tatu. Itaumaliza mnamo 2033. Mwenye macho makali anaweza kuiona bila darubini penye giza la kweli, lakini hapo atakuwa anabahatisha. Kwa miaka hii iko katika kundinyota la Ng'ombe, si mbali na Kilimia, zile nyota ambazo wakulima wa pwani walizipangia kalenda wakisema zikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Kati ya Novemba na Januari, Kilimia hupanda juu ya Nakuru saa za jioni. Panda upande wa Menengai uache taa za mji nyuma yako, uwe na darubini ya mkononi na ramani ya nyota kwenye simu, na utakipata kijidoa chenye rangi ya kijani iliyochanganyika na samawati.

Kijidoa hicho kina kipenyo cha kilomita 51,118 kwenye ikweta, mara nne ya Dunia, na uzito wa Dunia 14 na nusu. Hakina ardhi ya kukanyaga. Juu kabisa ni haidrojeni na heliamu, na humo ndani mna methani kidogo, gesi ile ile inayowaka kwenye majiko ya bayogesi ya wafugaji wa Kakamega na Vihiga. Methani hunyonya mwanga mwekundu wa Jua na kuachia wa samawati, ndiyo maana sayari ina rangi hiyo. Mwaka 2018 wanasayansi waliotumia darubini ya Gemini iliyoko Hawaii walithibitisha kwamba juu ya mawingu yake kuna haidrojeni salfaidi. Aliyewahi kupita Olkaria upepo ukiwa umemwelekea anaijua harufu hiyo ya mayai viza. Ila kule pua isingepata muda wa kulalamika, kwa sababu baridi ya hewa ya juu hufika nyuzi 224 chini ya sifuri.

Uranusi na Neptuni huitwa majitu ya barafu, na jina hilo limewafanya wengi wafikirie theluji. Shuka ndani na mambo yanageuka. Sehemu kubwa ya sayari ni mchanganyiko mzito wa maji, amonia na methani, ulioshindiliwa kwa kani kubwa na wenye joto la maelfu ya nyuzi. Mnamo 2018 na 2019 watafiti nchini Marekani waliyabana maji kwa leza zenye nguvu hadi yakageuka kuwa kitu cha ajabu: oksijeni imejipanga imara kama fuwele, na haidrojeni inatiririka katikati yake kama kimiminika. Huenda maji ya aina hiyo yapo ndani ya Uranusi, na huenda yanahusika na sumaku yake kukaa upande. Mhimili wa sumaku umepishana na mhimili wa mzunguko kwa nyuzi 59, na wala haupiti katikati ya sayari. Umesogea kando kwa karibu theluthi ya nusu kipenyo. Dira ya baharia wa kule ingemzamisha.

Lakini kinachoitofautisha Uranusi na nyingine zote ni kulala kwake, na hapa sisi wa huku tuna ugumu wetu. Ikweta inapita Maseno, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, na tena Mogotio, kaskazini mwa Nakuru. Watu husimamisha gari wakapigwa picha penye kibao. Kwetu jua huchomoza karibu saa kumi na mbili u nusu na kutua karibu saa kumi na mbili u nusu, Januari hadi Disemba, tofauti ikiwa ya nusu saa hivi tu. Hesabu yetu ya saa, inayoanza upya kila asubuhi na kila jioni, imejengwa juu ya utulivu huo. Mtoto wa Kisumu akiambiwa kwamba mhimili wa Dunia umeinama nyuzi 23.5 na kwamba ndio unaoleta majira, anakariri ili apite mtihani. Hajaona jua la saa nne usiku wala giza la saa tisa alasiri.

Sasa mpe nyuzi 97.8.

Mtoto wa jirani yangu, wa Gredi ya 6, alikuwa ametandaza kazi ya shule kwenye baraza: sayari nane za karatasi zilizobandikwa kwa uji wa ngano, kila moja imechomwa kijiti kuonyesha mhimili. Saba zilikuwa zimesimama, baadhi zikiwa zimeinama kidogo. Uranusi ilikuwa imelala chali, kijiti kikielekea mlangoni, na mama yake alikuwa ameshaisimamisha akidhani imeanguka. "Mum, iache," kijana akasema bila kuinua uso, "hiyo hulala." Nikamwomba awashe tochi ya simu iwe Jua. Tukakielekeza kijiti kwenye tochi na kuizungusha karatasi polepole. Uzungushe utakavyo, nusu ile ile ndiyo inayopata mwanga. Nusu ya nyuma haioni kitu. Kisha tukaihamishia upande wa pili wa tochi bila kubadilisha kijiti kinakoelekea, na sasa ncha ya nyuma ndiyo ikawa inalitazama Jua. Kutoka upande mmoja hadi wa pili ni miaka 42. Mtu angezaliwa kwenye ncha ya Uranusi gizani, akasoma, akaoa, akawa mzazi wa vijana, kabla hajaona jua likichomoza mara ya kwanza.

Kwa nini imelala? Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba iligongwa na gimba kubwa zamani sana, wakati sayari zilikuwa bado zinajijenga. Miezi yake mikubwa na pete zake zinazunguka juu ya ikweta yake, kwa hiyo familia nzima imelala pamoja naye. Hilo lilikuwa na gharama kwa Voyager. Ncha ya kusini ilikuwa inalitazama Jua karibu moja kwa moja mwaka ule, hivyo chombo hakikuweza kuupitia mwezi mmoja leo na mwingine kesho kama kilivyofanya kwenye Mshtarii na Zohali. Kiliupenya mfumo mzima katikati, na mambo yote makubwa yakapita ndani ya saa sita hivi. Nusu za kaskazini za miezi zilikuwa gizani. Hakuna mtu aliyeziona kwa karibu hadi leo.

Hata hivyo kilichoonekana kilitosha kukosesha watu usingizi. Mwezi wa Miranda una kipenyo cha kilomita 470, yaani kama reli ya Nairobi hadi Mombasa, na bado umekatwakatwa na mabonde na magenge. Genge moja, Verona Rupes, linakadiriwa kuwa na kimo cha kilomita 20. Mvutano wa Miranda ni hafifu kiasi kwamba ukidondosha jiwe kutoka juu, litachukua karibu dakika 12 kufika chini. Mwezi mdogo namna hiyo ulipata wapi nguvu za kujipasua? Picha za siku moja haziwezi kujibu.

Mimi ni mtu wa Nakuru, na mfano wangu ni ziwa letu. Mgeni aliyekuja miaka ya themanini na kamera yake aliondoka na ufuo wa waridi uliojaa heroe, akaenda kusema Nakuru ni hivyo. Aliyekuja katikati ya miaka ya tisini alikuta maji yamekauka na upepo unapeperusha vumbi la magadi. Aliyekuja 2020 alikuta migunga imekufa ikiwa imesimama majini, lango la zamani la mbuga limemezwa, na majirani wa Mwariki wanahama. Wote watatu walisema kweli. Wewe unayeishi hapa ndiwe unayejua kwamba hakuna kati yao aliyelijua ziwa.

Uranusi imekuwa na mgeni wa kwanza tu, na alifika katika majira yaliyopinduka kabisa, ncha moja ikiwaka na nyingine ikiwa gizani. Picha zilionyesha tufe laini lenye mawingu machache mno. Lakini sayari iliendelea na safari yake. Mnamo Disemba 2007 Jua lilikuja juu ya ikweta yake, na darubini za Dunia zikaanza kuona madoa angavu na mawingu yanayobadilika. Mwaka 2014 dhoruba zilizonaswa na darubini ya Keck zilikuwa kubwa kiasi kwamba hata watazamaji wa nyumbani wenye darubini zao wenyewe walizipata. Pepo zake hufika kilomita 900 kwa saa. Hiyo si sayari iliyolala usingizi.

Sumaku ndiyo iliyonishangaza kuliko yote. Voyager ilikuta mikanda mikali ya elektroni ndani ya uga wa sumaku, lakini karibu hakuna chembechembe za kuilisha. Kwa kawaida miezi yenye maji au gesi zinazotoka ndiyo hulisha uga wa namna hiyo, kwa hiyo watu wakahitimisha kwamba miezi ya Uranusi imekauka. Mwaka 2024 mwanasayansi Jamie Jasinski na wenzake walirudi kwenye data zile zile za 1986 wakagundua kwamba siku chache kabla chombo hakijafika, upepo wa Jua, yaani chembechembe zinazotiririka kutoka kwenye Jua, ulikuwa umepiga kwa nguvu na kuubana uga ule hadi karibu sehemu ya tano ya ukubwa wake. Hali hiyo hutokea asilimia 4 tu ya wakati. Voyager ingewahi wiki moja, tungesomeshwa sayari nyingine. Na sasa haiwezekani tena kusema kwa uhakika kwamba miezi kama Titania na Oberon haina bahari chini ya barafu yake.

Kuhusu joto, hesabu za Voyager zilionyesha kwamba Uranusi haitoi joto lolote la maana zaidi ya lile inalopokea kutoka kwa Jua, ilhali Neptuni, pacha wake, hutoa zaidi ya mara mbili ya inachopata. Tofauti hiyo iliwasumbua wanafizikia kwa miongo. Tafiti mbili za 2025, zilizokusanya vipimo vya muda mrefu badala ya siku moja, zinasema Uranusi hutoa kati ya asilimia 12 na 15 zaidi ya inachopokea. Ni kidogo, lakini si sifuri. Hata urefu wa siku yake umerekebishwa: kwa kufuatilia mianga ya ncha kupitia darubini ya Hubble kati ya 2011 na 2022, mzunguko umeonekana kuwa saa 17, dakika 14 na sekunde 52. Ni sekunde 28 zaidi ya hesabu ya zamani. Sekunde 28 zinaonekana si kitu, ila zikijirundika kila mzunguko, baada ya miaka michache hujui tena ncha ya sumaku iko upande gani.

Msomaji mmoja ataniuliza, na ana haki, haya yote yataipunguzia vipi bei ya unga. Hayataipunguza. Wala gharama si yetu: ripoti ya mwaka 2022 iliyopendekeza Marekani iipe Uranusi kipaumbele cha kwanza kati ya safari kubwa za sayari ilikadiria dola bilioni 4.2, nasi hatutachangia hata senti. Shirika letu la anga liliundwa 2017, na setilaiti ya Taifa-1 ilirushwa Aprili 2023 kwa kazi ya kutazama mashamba na mabonde ya hapa hapa, jambo ambalo naliunga mkono kwa mikono miwili. Lakini mtoto wa Gredi ya 6 hasubiri bajeti ya mtu ili aijue dunia anamoishi. Sayari nyingi zilizogunduliwa kwenye nyota nyingine zina ukubwa ulio kati ya Dunia na Neptuni. Katika mfumo wetu hakuna za kati kabisa. Walio karibu nazo zaidi ni Uranusi na Neptuni. Kuzisoma hizo za mbali bila kuielewa Uranusi ni kukisia.

Wapo wanaosema darubini zinatosha. Hoja yao ina uzito. Pete za Uranusi zenyewe ziligunduliwa Machi 1977, miaka tisa kabla ya Voyager, na watu waliokuwa ndani ya ndege iliyobeba darubini juu ya Bahari ya Hindi. Walikuwa wanasubiri sayari ipite mbele ya nyota. Nyota ikapepesa mara kadhaa kabla ya kufunikwa, na ikapepesa tena ilipotokea upande wa pili. Mbinu hiyo hiyo ilitumika Aprili 2025 kutoka vituo 18 vya Amerika Kaskazini kupima joto la hewa yake ya juu. Na ni darubini ya James Webb iliyofichua mwaka huo mwezi mdogo wa 29. Sibezi lolote kati ya hayo. Ila heliamu na gesi adimu zilizo ndani ya hewa yake hazipimiki kutoka huku, na hizo ndizo zinazobeba ushahidi wa mahali sayari ilipozaliwa. Lazima chombo kidogo kidondoshwe kwa parachuti ndani ya mawingu. Uga wa sumaku nao haupimwi kwa kutazama. Lazima uingie ndani, ukae, uone ukibanwa na upepo wa Jua na ukiachiliwa, tena na tena.

Kinachonikera ni ratiba. Mpango uliopendekezwa ulitegemea kurushwa 2031 au 2032, ili chombo kijisukume kwa mvutano wa Mshtarii na kufika baada ya miaka 13 hivi, katikati ya miaka ya 2040. Fursa hiyo inazidi kusogea mbali, mojawapo ya sababu ikiwa uhaba wa plutoniamu ya kuendeshea mitambo kule ambako mwanga wa Jua ni dhaifu mara 368 kuliko wa kwetu. Na Uranusi haisubiri mtu. Mnamo 2030 ncha ya kaskazini itakuwa inalitazama Jua. Karibu na 2050 Jua litarudi juu ya ikweta, na kwa miaka michache nusu zote mbili za Miranda na wenzake zitakuwa na mwanga. Baada ya hapo ni kaskazini itakayoanza kuingia gizani, yaani zile nusu ambazo Voyager haikuziona, na ncha zake zitakaa humo kwa miaka 42.